Wanaokuja Kuomba Baridi

Watu wakiniuliza habari za sola, huanza na paneli. Ngapi, kubwa kiasi gani, za kutoka wapi. Hakuna anayeanza na mama yake. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari hapa Ifakara, na nilipochora mfumo wa umeme wa jua wa nyumba yangu nilipiga hesabu ya kila kinachokula umeme mle ndani, mpaka kitaa cha chooni. Mama nikamwacha. Hana waya, hachomekwi ukutani, sikuona sababu ya kumwingiza kwenye hesabu. Kosa hilo lilinitoa jasho msimu mzima.

Na sola yenyewe niliifunga kwa ajili yake. Mama ana kisukari na anaishi kwa sindano za insulini. Insulini inataka baridi, si ya kugandisha, ya kiasi tu, lakini isikatike. Sasa nenda kaitafute baridi isiyokatika Ifakara. Kuna msimu mmoja wa joto umeme ulikuwa unakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau funguo. Friji inapoa, inapata joto, inapoa tena, na dawa mle ndani ikawa inaharibika kimyakimya. Haikunuka wala kubadilika rangi. Mama akaendelea kujidunga maji matupu, sukari ikapanda, na kila nikimuuliza anasema, "Nimechoka tu, mwanangu." Asubuhi moja nikampelekea uji, akanitazama, akaniuliza kwa Kipogoro mimi ni mtoto wa nani.

Hospitali walimrudisha, Mungu asifiwe. Lakini mimi nilitoka kule nikiwa na jambo moja tu kichwani: friji ile haitazima tena nikiwa hai.

Nikamtafuta fundi mwenye duka la sola karibu na stendi. Ni kijana mzuri, mchangamfu, na alikaribia kunitia wazimu.

"Madam, nyumba si vyumba vitatu? Tunakufungia seti ya vyumba vitatu."

"Vyumba vinakula umeme?"

"Ndivyo tunavyofunga kwa watu wote, madam."

"Na hao watu wote, sola zao zinafika asubuhi?"

Akacheka, akasema inategemea na mtu. Nikamkalisha. Nikamweleza kama ninavyowaeleza kidato cha pili kwamba unaanza na mzigo, si paneli. Kila kifaa, kinakula kiasi gani, kwa saa ngapi. Friji kwanza, maana hiyo ndiyo mgonjwa. Friji haili umeme muda wote, inawaka na kupumzika, lakini kila inapoanza kuwaka inavuta umeme kwa pupa, kwa hiyo inverta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia nyumbani, lazima iwe na kifua cha kuuhimili mvuto ule wa kwanza. Kisha taa, redio, televisheni ndogo ya mama ya kutazamia misa, simu zetu mbili. Pasi hapana. Jagi la kuchemshia maji hapana, na asiniombe. Halafu betri, ambayo haikamuliwi mpaka tone la mwisho, la sivyo inakufa mapema. Halafu siku zisizo na jua.

"Siku moja inatosha," akasema fundi.

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapahapa."

"Masika ya hapahapa huwa siku moja?"

 Kila mtu wa bonde hili anajua mawingu yakishakaa juu ya milima ya Udzungwa hayana haraka, yanakaa kama wageni wa msiba. Tukaongeza betri. Paneli tukazielekeza kaskazini juu ya bati, tukaziinamisha kidogo ili mvua iwe inaziosha. Mfenesi wa uani nikaupima kivuli chake asubuhi na jioni, nikaona hautanisumbua. Kazi ilipokwisha, umeme wa gridi ukakatika jioni ileile, kama kunijaribu. Nyumba za jirani zote giza, kwangu friji inaunguruma. Nilikaa jikoni nikaisikiliza nikiwa nimefurahi kipumbavu, nikidhani nimemaliza.

Haikupita wiki zikaanza simu. Narudi kutoka shuleni nakuta kwenye kebo ya soketi nyingi ya sebuleni zimechomekwa simu nisizozijua, nyaya zimesokotana kama matumbo ya kuku. Simu za jumuiya, simu za bodaboda, simu ya mtu aliyepita tu akielekea sokoni. Na mama amekaa katikati yake kama mwenye duka, anajua ipi ni ya nani na ipi imejaa.

"Mama, umeme huu ni wa friji."

"Friji si inawaka?"

"Inawaka sasa. Usiku je?"

"Usiku nao utawaka. Mtu kaja kuomba chaji, nimnyime? Sisi tumekaa Mahenge tukiombana moto, sijaona moto uliokwisha kwa kuombwa."

Basi hapo ndipo nilipokuwa nashindwa. Mama alikulia mahali ambapo asubuhi mtoto anatumwa kwa jirani na kigae kuomba moto, anapewa kaa mbili tatu, anakimbia nazo nyumbani. Na moto haunyimwi mtu. Hata mliyetukanana naye jana kwenye mpaka wa shamba, mtoto wake akija kuomba moto unampa, kesho mtaendelea kutukanana. Huo ndio ustaarabu aliolelewa nao na akanilea nao mimi. Sasa nitamwelezaje mtu kama huyo kwamba ndani ya betri mna kitu kinachohesabika, ukimpa mwingine unabaki na pungufu? Nilijaribu. Nilichukua ndoo ya maji na kikombe, nikachota mbele yake kama mbele ya darasa. Akatazama kwa makini mpaka mwisho, akaniambia nimwage maji yale kwenye mchicha.

Nikaacha elimu nikatumia amri. Simu za watu, marufuku. Ama simu hizo ziondoke, ama mimi niing'oe sola, turudi kwenye friji ya bahati nasibu. Mama akasema, "Haya, mwanangu, nyumba ni yako." Alikubali haraka mno. Mwenye akili timamu angeshtuka, lakini mimi nilikwenda zangu kusahihisha mitihani nikiwa nimeridhika.

Simu zikaondoka kweli. Betri ikaendelea kuisha.

Sijui kama kuna kitu kinachoudhi kuliko hesabu sahihi inayotoa jibu la uongo. Kila alfajiri inverta inaanza kulia, pii, pii, pii, kwamba chaji imebaki kidogo, na mimi nakurupuka kukimbilia friji kama nimesikia mtoto analia. Nilipekua mzigo wangu upya. Nikazima televisheni. Nikabadilisha taa. Nikamwita fundi, akapanda juu ya bati akafuta paneli, akashuka akasema safi. Nikamwita tena, akakaza nyaya. Mara ya tatu akaulaumu mfenesi, nami nikakubali tawi lake kubwa likatwe, tawi lililokuwa na mafenesi matatu mabichi. Mama alisikitika wiki nzima. Inverta ikaendelea kulia.

"Madam," akasema fundi mara ya nne, na safari hii hakuwa anacheka, "vifaa vyangu havina shida. Mzigo ulionao si ule ulioniambia."

"Unaniambia sijui kilichomo ndani ya nyumba yangu?"

"Sijasema hivyo, madam."

"Umesema."

Akakusanya bisibisi zake akaondoka bila kuaga vizuri, na mimi nikabaki uani nimekasirika, nikimwona mjinga, mjeuri, na fundi wa seti za vyumba vitatu. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Lakini mwenye macho naye kutwa yuko shuleni.

Siku niliyotazama ilikuwa ya mitihani. Zamu yangu ya kusimamia iliisha mapema, nikarudi nyumbani jua bado liko upande wa asubuhi. Barazani nikakuta baiskeli imeegemezwa ukutani, ya aina ile ya chuma yenye kibebeo kipana nyuma, na jozi mbili za kandambili mlangoni. Nikasikia sauti za watu wanaocheka jikoni kwangu.

Mlango wa friji ulikuwa wazi. Si kidogo, wazi kabisa, kama mlango wa kanisa Jumapili. Mbele yake mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji kutoka ng'ambo ya mashamba ya mpunga, alikuwa amepandisha shati anajidunga tumboni taratibu. Kwenye kiti kulikuwa na mama jirani yetu, yule wa nyumba ya pili, anasubiri zamu yake. Mama yangu amesimama kashika mlango wa friji kwa mkono mmoja, anahadithia jambo, na hana haraka ya kuufunga.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee," nikasema, maana hata hasira ina utaratibu wake.

"Marahaba. Leo mmetoka mapema?" akauliza mama, kama mtu aliyekutwa anachambua mchele.

Nikasogea nikachungulia. Kwenye rafu ya juu, pale nilipopanga vichupa vya mama kwa mkono wangu, palikuwa na vichupa vya watu wengine, kila mtu na mfuko wake, mmoja umefungwa uzi mwekundu, mwingine kitambaa cha kitenge. Na rafu zote za chini, kuanzia ukutani mpaka mlangoni, chupa za maji. Nikaigusa moja. Ilikuwa ya vuguvugu, imetoka kujazwa.

"Mama, hii ni nini?"

"Wenzangu wa kliniki ya sukari. Wanakuja kuomba baridi."

Kuomba baridi! Alilisema kama neno la siku zote. Nikaulizia, ikabidi, na majibu yakaja yakipokezana. Mama jirani alikuwa akiiweka dawa yake kwenye mtungi wa maji, na mtungi wenyewe siku za joto haupoi. Mzee wa Kisukuma alikuwa akiiacha kwenye friji ya soda ya duka fulani, mpaka akagundua mwenye duka huizima kila anapofunga. Wa tatu ni dada muuza ndizi anayezitoa Sanje. Huyo alikuwa ameshapita asubuhi. Na kwa kuwa kwetu mtu hapigi hodi akaondoka koo likiwa kavu, mama alikuwa anawapa maji baridi, kisha anajaza chupa nyingine za kesho, za vuguvugu kutoka kwenye ndoo, anazirudisha kwenye friji. Kila siku. Wiki nenda wiki rudi. Friji yangu masikini ilikuwa inapoza Mto Kilombero kwa awamu.

Sikungoja wageni watoke. Nakumbuka nilichosema na sijivunii sauti niliyoitumia. Nilisema friji hii niliinunua ili wewe usife. Si wao, wewe. Nilisema ulishanisahau uso mara moja, sitaki unisahau mara ya pili kwa sababu ya chupa za maji.

Mzee wa Kisukuma akatazama miguu yake. Mama akafunga mlango wa friji, mwishowe.

"Na wao wanaumwa nini?" akaniuliza. "Mafua?"



"Baridi si moto, mama," nikasema. "Baridi ukiigawa inapungua."

Akatoa kichupa chake cha dawa, akakiweka kwenye kiganja changu. "Imepungua? Shika."

Kilikuwa baridi. Nilitamani kupiga ukelele. Unamwelezaje mtu kwamba kimebaki baridi kwa sababu betri imejikamua mpaka uhai wake unafupika, na kwamba jua likikosa siku mbili tu mtakufa wote kwa usawa? Nilizitoa chupa za maji zote, nikazipanga barazani juani kama kuziadhibu. Vichupa vya dawa sikuvigusa. Ningevitupa wapi? Mama jirani aliponiaga alinishika mkono kwa mikono miwili, na hilo nalo liliniudhi, kwa sababu sikuwa nimempa kitu. Nilikuwa nimeshindwa kumnyang'anya tu.

Kisha masika yakaja yakanikuta na friji ya watu wanne.

Mvua ilishuka kwa namna ile ya bonde, haina radi wala kelele, inanyesha tu kama imeajiriwa. Barabara zikawa tope, nguzo zikaanguka mahali fulani, umeme wa gridi ukaondoka na hakuna aliyejua utarudi lini. Paneli juu ya bati zilikuwa zinaoshwa vizuri sana na hazipati jua. Nikakaa na kalamu. Nilipiga hesabu mara nyingi kuliko nilivyowahi kupigia mtihani wowote wa maisha yangu, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: betri inaweza kubeba friji, au inaweza kubeba nyumba. Vyote viwili, haiwezi.

Nikazima nyumba. Taa zote, televisheni, redio, simu zetu zote mbili zikafa mezani. Mama akauliza misa ataitazama wapi, nikamwambia aisali mwenyewe, anaijua. Nikaweka sheria kama za shule. Mlango wa friji unafunguliwa mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, kutoa na kurudisha tu, na anayeufungua ni mimi. Wote wanakuja kwa wakati mmoja, wanapanga mstari, natoa mifuko yote kwa mkupuo, nafunga. Hadithi baada ya mlango kufungwa. Maji ya kunywa ni ya mtungi, na anayetaka ya baridi asimame nje akinge mvua.

Nilitegemea wachelewe, nipate sababu ya kugomba. Hawakuchelewa. Mzee wa Kisukuma alikuja kwa miguu, suruali imekunjwa mpaka magotini, tope limemfika kwenye mashavu ya miguu, anafika kabla sijatoa funguo. Dada wa ndizi alihamia kwa shangazi yake mjini ili asikosee saa. Jioni walisubiriana barazani, kila mmoja akashika mfuko wake, wakajidunga kimya, wakarudisha. Kipimajoto nilichokifunga ndani ya friji hakikuyumba. Kila nikifunga mlango ule nilibaki nimeushika kidogo, nikisikiliza kama mashine itawaka tena.

Siku moja kati ya hizo, magharibi, giza lilikuwa limeingia mapema kwa ajili ya mawingu. Nikamtafutia mama kibatari cha zamani, mafuta yalikuwepo kidogo chini. Kiberiti kililowa. Njiti zote zinachubuka tu, hazishiki. Cha pili kililowa pia. Mkaa jikoni umezimika, tochi ya simu haipo kwa sababu mimi mwenyewe niliinyima chaji, na mama yuko gizani kitandani ananiuliza kama leo tutakula kwa kupapasa. Nilisimama katikati ya nyumba iliyofungwa paneli, inverta na betri za siku zisizo na jua, sina hata cheche.

Nikajitanda khanga, nikaficha kibatari kifuani, nikatoka kwenye mvua mpaka nyumba ya pili.

"Hodi."

"Karibu. Ah, madam! Kuna nini, mama hajambo?"

"Hajambo. Shikamoo. Nimekuja kuomba moto."

Mama jirani alinitazama, akatazama kibatari, na nikaona midomo yake inapigana na cheko. "Si mna sola, mwanangu?"

"Tunayo," nikasema. "Ina kazi."

Cheko likamwacha. Aliinama kwenye mafiga, akatoa kijiti kinachowaka, akauwasha utambi wangu, kisha akachagua kaa tatu kubwa akaniwekea kwenye kigae na kunifunikia kwa kipande cha bati. Hakunipimia. Nilirudi nimejikunja juu ya kibatari, mvua ikinipiga mgongoni, nikiwa nimekasirika na mawingu, na kiberiti, na nguzo, na fundi aliyekuwa amesema kweli.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Nuru ilipomfika usoni akafumba macho kidogo. Nyuma yangu friji ikawaka, ikaanza kuunguruma.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Na moto wao umepungua?"

Haukuwa umepungua. Niliutazama kabla sijatoka kwa jirani, niliutazama makusudi kabisa, nikiomba walau kidogo uwe umepungua.